Kipupwe hiki uende Nyandarua au Taita? Safari mbili za milima na vita kutoka Nairobi

Kutoka sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, hadi ile ya askari na mpagazi pale Kenyatta Avenue, ukitembea huku unakula njugu karanga, utafika kabla njugu hazijaisha. Sisi wa Nairobi tunapita katikati yao kila jioni tukikimbilia matatu, na wengi hatujawahi kusimama kuzitazama. Lakini mtu akiniuliza pa kwenda na gari kwa siku tatu mwezi wa Julai, mimi huanzia hapo, kwa kuwa kila sanamu ina barabara yake.

Ya Kimathi inakupeleka kaskazini, kwenye misitu ya Nyandarua na miteremko ya Mlima Kenya, walikopigana Mau Mau na serikali ya kikoloni baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Ya Kenyatta Avenue inakupeleka kusini mashariki, kaunti ya Taita-Taveta, hadi Voi, kisha Taveta, ambako Mwingereza na Mjerumani walipigana kuanzia 1914 hadi 1916 huku Mwafrika akiwabebea maji, risasi na unga.

Nimezipita zote mbili, na zote katika kipupwe: ya Taita miaka miwili iliyopita, ya Nyandarua Julai iliyopita. Zote zina milima, zote zina vita, na zote zilinirudisha nyumbani na gari ambalo mke wangu hakutaka kulitambua. Kufanana kwao kunaishia hapo.

Kuna wanaonitajia Nandi Hills, alikouawa Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwezi wa Oktoba 1905 alipotoka kwenda kwenye mazungumzo ya amani. Ni hadithi inayostahili safari yake, lakini ukiwa na siku tatu tu utazimaliza ukipishana na malori ya Nakuru. Iwekee wiki nzima. Hapa naiacha.

Kuikimbia baridi au kuifuata kwake

Wanaochagua Taita mara nyingi wanaikimbia baridi. Ukishika Mombasa Road ukapita Emali, unavua koti. Makindu unafungua kioo. Voi unaulizia soda ya friji. Taveta iko chini kwenye tambarare, na hata Julai jua la saa nane mchana linakukumbusha kuwa Pwani haiko mbali. Ila usidanganyike ukaacha masweta nyumbani. Kutoka Mwatate barabara inapanda kwa kona za ghafla hadi Wundanyi, na huko juu, karibu na kilele cha Vuria chenye mita 2,208, ukungu ni ule ule wa Limuru. Tulitoka kwenye joto tukaingia kwenye mawingu ndani ya nusu saa, na binti yangu akauliza kama tumerudi Nairobi kwa njia nyingine.

Nyandarua ni kinyume chake: unaifuata baridi nyumbani kwake. Kilele cha Satima kinafika mita 4,001, na barabara inayokatiza hifadhi kati ya Ndunyu Njeru na Nyeri inapita kwenye nyika za juu zenye nyasi za mafungumafungu, ambako Julai ukungu hutambaa barabarani saa sita mchana kama vile ni alfajiri. Nilikuwa na fulana mbili, sweta, koti na marvin kichwani, na bado kila tuliposimama niliegemea boneti ya gari nipate joto la injini. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo shuleni lilikuwa sentensi ya kukariri tu. Watu waliishi humu miaka. Waliogopa kuwasha moto kwa sababu ndege za kijeshi zilitafuta moshi zidondoshe mabomu. Walivaa ngozi za wanyama walizoshona wenyewe, na ukisimama pale dakika kumi huulizi tena kwa nini.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoshauri uende Nyandarua Januari kukiwa kweupe. Januari utaiona milima vizuri zaidi, kweli. Lakini baridi ya Julai inaeleza vita vile kuliko kibao chochote nilichokisoma.

Barabara na gari

Nairobi hadi Nyeri ni kilomita 150 hivi, na tangu barabara ya Kenol, Sagana hadi Marua ipanuliwe, kwa gari lolote ni asubuhi moja tu. Shida inaanza ukiiacha lami. Ndani ya hifadhi ya Nyandarua, Julai ni matope mekundu, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halina kazi huko. Ninasema haya kama mtu aliyeshauriwa akakaidi. Tulikwama kwa saa tatu kwenye mteremko mmoja, tairi za nyuma zikizunguka kama santuri, hadi kijana mmoja wa trekta akatuvuta. Alikataa kutaja bei kwanza, na baada ya kutuvuta nikajua sababu.

Kama una gari dogo, usiiache safari. Izunguke milima badala ya kuikatiza. Nyeri, Mweiga, Nyahururu, kisha Ol Kalou na Njabini hadi utokee Flyover kwenye barabara ya Nakuru. Ni lami kote, na milima ya Nyandarua inabaki upande wako wa kushoto kama mtu anayekusindikiza. Nyahururu kuna maporomoko yenye urefu wa mita zaidi ya 70 ambayo Julai yana maji ya kutosha kukulowesha usoni ukiwa mbali.

Taveta ni mbali zaidi, karibu kilomita 440, na kipande kirefu cha safari ni Mombasa Road, ambayo haihitaji kuelezwa kwa Mkenya. Malori. Halafu malori. Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Makindu simama kwenye hekalu la Masingasinga, wanakokaribisha msafiri yeyote kwa chakula bila malipo, na ukitoka acha mchango wako. Lakini ukishakata kulia pale Voi, mambo yanabadilika: kilomita 110 hivi za lami nzuri hadi mpakani, magari machache, na barabara inakatiza Tsavo Magharibi, kwa hiyo punguza mwendo baada ya Maktau. Ndovu wa Tsavo wana rangi ya udongo wao, na jioni humwoni hadi amejaa kwenye kioo cha mbele. Anayeogopa Mombasa Road anaweza kupanda treni hadi Voi kisha akodi gari hapo. Tsavo Magharibi na Nyandarua zote zinasimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na malipo ya kuingia ni ya mtandaoni, usibebe noti za kuhesabu getini.

Kuhusu kuuona mlima wenyewe, zote mbili ni bahati nasibu katika kipupwe. Kilimanjaro, mita 5,895, hujifunua alfajiri na jioni, mchana hujifunika. Mlima Kenya, mita 5,199, niliukosa siku mbili nzima nikiwa Nyeri. Kesho yake nilifika Nanyuki saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikaukuta umesimama wote, mweusi, barafu kidogo tu juu kama chumvi iliyomwagika. Saa mbili haukuwepo tena. Nanyuki ni kukavu kuliko Nyeri, kwa hiyo ukitaka picha, lala Nanyuki.

Vita unavyoviona na vita unavyoambiwa

Hapa ndipo penye tofauti ya kweli, na ndipo ningekushauri uamulie.

Vita vya Taita unaviona kwa macho. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza Ulaya, wakaweka ngome kwenye kilima cha Salaita, mashariki ya mji. Kilima chenyewe ni kidogo, mtu mzima anakipanda bila kupumzika sana. Tulipanda na kijana wa bodaboda wa pale pale, miiba ikitushika suruali, na kule juu akaniambia, "Kaka, sasa geuka uangalie ulikotoka."

Niligeuka. Tambarare yote hadi Mbuyuni ilikuwa mbele yangu, bapa, vichaka vifupi, hakuna pa kujificha. Tarehe 12 Februari 1916 watu zaidi ya elfu tano walitembea juu ya tambarare ile kuja kukishambulia kilima hiki, wengi wao vijana wa Afrika Kusini ambao ndio kwanza wamefika na hawajawahi kupigana hapa. Waliambiwa juu kuna maadui mia tatu hivi. Walikuwepo zaidi ya elfu. Mizinga ya Waingereza ilipiga kileleni, kwenye mahandaki ambayo hayakuwa na mtu, kwa sababu Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa wamechimba mahandaki yao ya kweli chini, kwenye mguu wa kilima, ndani ya vichaka. Ukishuka polepole utayaona: mistari mifupi iliyopindapinda, mawe yamepangwa kando, kina kimebaki cha kufika gotini. Binti yangu aliingia ndani ya moja akachuchumaa, na kutoka hatua ishirini sikumwona. Hapo nilielewa vita nzima bila kusoma ukurasa.

Washambuliaji waliposhindwa, waliowafunika mgongo wakati wa kukimbia walikuwa askari wa Kihindi wa kikosi cha 130 cha Wabaluchi, watu ambao wale Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau. Inasimuliwa kuwa Wabaluchi waliwarudishia bunduki ya rashasha waliyoitupa, pamoja na barua fupi ya kuwaomba wasiwaite tena makuli. Siku moja ile upande wa Waingereza ulipoteza watu 172, kati ya waliouawa, kujeruhiwa na kupotea. Mwezi mmoja baadaye, chini ya Jenerali Jan Smuts, walikizunguka kilima badala ya kukipanda, Wajerumani wakaondoka wenyewe, na mapigano makali yakahamia kwenye vilima vya Latema na Reata, upande wa pili wa Taveta. Navyo unaviona ukiwa mjini hapo hapo, na pengo lililogombaniwa kati yao, kama limekatwa kwa shoka.

Njiani kurudi pita Maktau, palipokuwa kambi, na uangalie reli iliyoanza kujengwa kutoka Voi mwaka 1915 kwa ajili ya vita hivi tu. Ukifika Voi kuna makaburi ya vita yaliyotunzwa vizuri. Humo amelazwa Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyejeruhiwa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 akakataa kubebwa, akabaki na majeruhi wenzake ambao hawakuweza kuhamishwa, akifikiri adui akimkuta ofisa atawahurumia wote. Hakuna aliyehurumiwa. Alipewa Msalaba wa Victoria baada ya kufa.

Kitu kimoja kiliniuma pale makaburini. Kila jiwe lina jina, namba na kikosi. Wapagazi, ambao waliofariki kwa hesabu rasmi wanazidi 40,000 katika vita vyote vya Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara na njaa, hawana mawe. Wana sanamu ya Kenyatta Avenue, na wana mtaa wa Kariokor, ambao jina lake ni lile la kikosi chao, Carrier Corps, likitamkwa na sisi. Nimekula nyama Kariokor miaka mingi kabla sijajua nakaa juu ya jina la nani.

Vita vya Nyandarua havionekani hivyo. Usiende ukitarajia kilima chenye mahandaki na ramani kichwani. Utaona msitu, chai, mvua, na msitu tena. Mti wa mugumo unaoitwa posta ya Kimathi, ambapo wapiganaji waliachiana barua, upo ndani ya hifadhi, si mbali na hoteli ya Treetops ambayo wapiganaji waliiteketeza mwaka 1954. Bila mtu wa kukuambia, ni mti tu. Kwa hiyo safari hii inategemea utakutana na nani.

Sisi tulikwenda Kahigaini, upande wa Tetu, ambako Kimathi alikamatwa alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 alipotoka msituni, amevaa koti lake la ngozi ya chui, akapigwa risasi na polisi wa wenyeji. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa humo humo bila alama. Pahali penyewe ni shimo pembezoni mwa msitu, kando ya chai. Mzee mmoja mwenye gambuti alitukuta tumesimama tukitazama huku na huku kama waliopoteza ufunguo.

"Mmetoka Nairobi kuja kuona shimo?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi shimo ndilo hilo. Sasa keti, baba, nikwambie la kwetu."

Hakusema mengi kuhusu Kimathi. Alisema kuhusu mtaro. Wakoloni walipotaka kuutenga msitu na vijiji, waliamuru uchimbwe mtaro mrefu pembezoni mwa msitu, wenye vijiti vilivyochongwa ndani yake, na waliochimba kwa lazima walikuwa wanavijiji. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kwa hiyo, akasema, "waliochimba ni mama zetu, na sisi tumefungwa mgongoni." Baba yake alikuwa msituni. Baba yake mdogo alikuwa homgadi, mlinzi wa kijiji wa upande wa serikali. "Na mimi," akasema akicheka kwa namna ambayo si kicheko, "nililelewa na wote wawili baadaye. Kwenye meza moja."

Salaita hakuna atakayekuambia hivyo. Vita vya pale vilipiganwa na watu waliotoka mbali, na waliobaki hawana cha kugombania isipokuwa hadithi ya kupendeza ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani ya mbuyu akiwalenga Waingereza mmoja mmoja. Nyandarua vita bado vimekaa kwenye familia. Ukirudi kwa njia ya Nakuru utapita Lari, ambako usiku wa tarehe 26 Machi 1953 Mau Mau walichoma nyumba za walioegemea serikali, wakaua makumi ya watu, wengi wanawake na watoto, halafu kisasi cha serikali na homgadi kikaua wengine wengi. Barabarani utaona karoti, viazi na kabichi za Soko Mjinga, na wauzaji wenye adabu sana. Mimi nilinunua viazi, nikashindwa kuuliza.

Kwa anayependa vita vya pembeni, Nyeri ina kanisa la ukumbusho la Waitaliano, ambako amezikwa Amedeo, yule Mtawala wa Aosta aliyesalimu amri Ethiopia mwaka 1941 akafa mateka Nairobi mwaka uliofuata, pamoja na mamia ya askari wake. Na kambi ya Nanyuki ndiko walikotoroka mateka watatu wa Kiitaliano mwezi wa Januari 1943, wakapanda Mlima Kenya kwa vifaa vya kujitengenezea, wawili wakafika kilele cha Lenana wakasimika bendera, kisha wakashuka na kujirudisha wenyewe kambini. Hiyo ndiyo hadithi mwanangu wa kiume anayoisimulia shuleni. Kimathi anamsahau, Waitaliano hapana.

Chakula na malazi, kwa haraka

Nyeri utakula mukimo na nyama choma hadi ulale mezani. Taita omba kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe. Kwenye hoteli kubwa hawana, kwenye vibanda vya Wundanyi wanapika. Taveta ni ndizi, za kupika na za kuiva, soko zima. Malazi ya Taveta na Voi ni nafuu na hayahitaji blanketi la pili. Nyeri na Nanyuki uliza jambo moja kabla ya kulipa: maji ya moto. Tulilala mahali ambapo mhudumu aliapa yapo, na asubuhi akatuletea sufuria moja kwa watu wanne.

Nani aende wapi

Ukiwa na watoto wa chini ya miaka kumi na mbili, Taita. Wana kilima cha kupanda, handaki la kuingia, ndovu njiani, na Ziwa Chala ndani ya shimo la volkano, la buluu hadi wanadhani ni rangi. Usiwaache waogelee tu. Ukiwa na gari dogo na huna moyo wa matope, Taita pia, au ile njia ya lami ya kuizunguka Nyandarua. Ukiwa unapenda historia ya kijeshi, nani alisimama wapi na mzinga ulielekea wapi, usipoteze muda kufikiri, nenda Salaita.

Lakini ukiwa na mzazi au babu aliyekuwa mtoto miaka ya hamsini, mpeleke Nyandarua, na umpeleke mwaka huu. Wanaokumbuka wanapungua. Muthoni wa Kirima, Field Marshal wa msituni aliyetunza nywele zake tangu vita hadi zikakatwa mwaka 2022, alifariki mwaka uliofuata. Salaita itabaki pale pale, mawe hayana haraka. Mimi mwenyewe nikiambiwa nichague moja kwa moyo wangu peke yangu ningechagua Kahigaini, na ningeenda na chupa ya chai na saa zangu zote.

Sasa nyumbani tumepiga kura ya Julai hii. Watoto wawili wamesema Taita. Mama mkwe, aliyezaliwa Othaya mwaka 1951 na ambaye hajawahi kutuambia lolote kuhusu miaka hiyo, alikuwa anachambua sukuma jikoni. Akasema bila kugeuka kwamba yeye anaujua mtaro mmoja. Gari liko kwa fundi, na nimemwambia aweke tairi za matope.